Madeni Mengi, Mshahara Mmoja: Kupanga Malipo na Kuzungumza na Wanaokudai

Mpango wa kulipa madeni ni makubaliano kati yako na wote wanaokudai. Kila mmoja anapokea kiasi fulani kila mwezi kulingana na ukubwa wa deni lake, naye kwa upande wake anasimamisha au kupunguza riba na faini. Uingereza na Marekani kuna mashirika yanayoifanya kazi hii kwa niaba ya mdaiwa. Hapa Kenya kwa kawaida utaifanya mwenyewe, na inawezekana kabisa ukiwa na daftari, kikokotoo na subira.

Mipango mingi huvurugika kwa sababu moja: mdaiwa humlipa anayempigia simu mara nyingi zaidi. Programu ya mkopo wa KSh 4,000 hupiga simu mara tano kwa siku, huku mwenye nyumba amekaa kimya hadi siku anapoleta dalali. Panga malipo kwa kuangalia hatari ya kila deni. Kelele ziache.

Andika kila kitu

Kila deni lipe mstari wake: jina la mdai, salio la leo, kiasi cha msingi, riba na faini zilizoongezwa, siku ulizochelewa, dhamana uliyoweka, na mdhamini kama yupo. Usitegemee kumbukumbu. Benki na SACCO waombe taarifa ya mkopo. Mikopo ya simu, fungua kila programu na uhifadhi picha ya skrini yenye salio na tarehe. Weka pia madeni ya chama, ya dukani na ya ndugu. Watu huyaacha haya kwa aibu, kisha yanakuja kula pesa walizokwisha kuwaahidi wengine.

Baada ya hapo omba ripoti yako ya mikopo. Kampuni za taarifa za mikopo (CRB) zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya (CBK) ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka. Ilinganishe na daftari lako. Unaweza kukuta mkopo wa zamani uliousahau, mkopo uliokwisha kuulipa lakini bado unaonyeshwa kuwa na salio, au hata mkopo ambao hukuuchukua wewe. Makosa haya yapinge kwa maandishi sasa, kabla hujaanza kugawa pesa.

Zikague pia nyongeza. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: mkopo wa benki ukishakwama, riba inayoongezwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi kiasi cha msingi kilichokuwa kimebaki siku ulipokwama. Kwa hiyo mkopo uliokwama ukiwa na KSh 80,000 za msingi hauwezi kufika KSh 300,000 kwa riba. Gharama halali za kukusanya deni ndizo zinazoweza kuongezwa juu ya kikomo hicho. Ukiona tarakimu za ajabu, omba mchanganuo wa kila shilingi.

Tahadhari moja kuhusu madeni ya kale. Muda wa kushtaki kwa deni la mkataba ni miaka 6, lakini kukiri deni kwa maandishi, au kulipa hata kidogo, huuanzisha muda huo upya. Deni likikaribia au kupita umri huo, zungumza na wakili kabla ya kuandika barua au kutuma "kitu kidogo".

Kipi kinalipwa kwanza

Kundi la kwanza ni vitu ambavyo ukivikosa maisha yanasimama: kodi ya nyumba, chakula, nauli ya kazini, stima, maji, dawa, karo. Kodi ina uzito wa pekee, kwa sababu sheria inamruhusu mwenye nyumba kumtumia dalali mwenye cheti kukamata vyombo vyako bila kungoja hukumu ya deni.

Kundi la pili ni madeni yenye dhamana: mkopo wa nyumba au shamba, mkopo wa gari, na mikopo midogo ambayo uliweka rehani televisheni, friji au mashine ya kushona. Mdai wa aina hii ana njia fupi ya kuichukua mali. Mkopo wa SACCO uweke hapa pia. SACCO itakata akiba yako kwanza, na isipotosha itawageukia wadhamini wako, ambao mara nyingi ni wafanyakazi wenzako na majirani.

Kundi la tatu ni madeni yasiyo na dhamana: mikopo ya simu, mkopo wa benki usio na rehani, kadi ya benki, duka, na marafiki. Mpango wa kugawana unahusu kundi hili. Makundi mawili ya kwanza unayalipa kabla hujaanza kugawa.

Hesabu yenyewe

Tuseme mshahara unaofika mkononi ni KSh 52,000, na hakuna deni lolote la kundi la pili. Kodi ni 14,000, chakula 13,000, nauli 5,000, karo 5,500 (ya mwaka mzima ukigawanya kwa 12), stima, maji na gesi 3,200, simu 800, dawa na dharura 2,500. Jumla ni 44,000. Kinachobaki ni KSh 8,000.

Fungu la dharura usilifute ili kumfurahisha mdai. Mtoto akiugua na huna hata 2,000 utarudi kwenye mkopo wa simu, na mpango wote utavunjika mwezi wa pili.

Sasa madeni ya kundi la tatu: benki 120,000, duka la vifaa 40,000, programu ya kwanza 24,000, programu ya pili 16,000. Jumla 200,000. Gawanya kila deni kwa jumla, kisha zidisha kwa 8,000:

Benki (60%): KSh 4,800
Duka (20%): KSh 1,600
Programu ya kwanza (12%): KSh 960
Programu ya pili (8%): KSh 640

Riba ikisimama, wote wanamalizwa kwa miezi 25. Ikiendelea, hesabu inabadilika. Benki ikiendelea kutoza 16% kwa mwaka, KSh 1,600 za malipo ya kwanza zinaliwa na riba, na deni hilo peke yake litachukua karibu miezi 31. Kwa mikopo ya simu hali ni mbaya zaidi. M-Shwari, mkopo unaopatikana kupitia M-Pesa, kwa mfano, hutoza ada ya 7.5% kwa siku 30, na muda ukipita hutozwa tena. Ndiyo maana ombi kubwa katika barua yako liwe kusimamisha riba na faini. Kupunguziwa malipo ya mwezi huku riba ikipanda kunarefusha deni tu.

Barua kwa kila mdai

Andika kabla hujachelewa ikiwezekana, na kama umeshachelewa andika leo. Benki inayosikia kutoka kwako mapema ina nafasi ya kuupanga mkopo upya. Faili likishafika kwa dalali au wakili, gharama zao zinaongezwa kwenye deni lako. Tuma kwa barua pepe, na kwa benki au SACCO peleka pia nakala tawini, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Kuhusu mkopo nambari ____. Mapato yangu yamepungua tangu mwezi wa ____ kwa sababu ya ____. Nimeambatisha bajeti yangu na orodha ya wote wanaonidai. Baada ya mahitaji ya lazima ninabaki na KSh 8,000 kwa mwezi, ninazozigawa kwa wadai wote kulingana na ukubwa wa deni. Fungu lenu ni KSh 960, nitakalolipa tarehe 3 ya kila mwezi kuanzia ____. Ninaomba msimamishe riba na faini kuanzia leo, msipeleke akaunti hii kwa wakala wa kukusanya madeni maadamu ninalipa, na mnijibu kwa maandishi. Nitaipitia bajeti hii upya baada ya miezi 6."

Barua zote ziwe na takwimu zilezile. Mdai akiona kwamba wenzake wanapata kwa uwiano uleule, hoja ya "mbona sisi mnatupunja" inakosa nguvu. Usiahidi zaidi ya fungu lililopo, hata ofisa akisema "ongeza kidogo tu nikusaidie". Ahadi ya 3,000 iliyovunjwa inakuharibia jina kuliko 960 inayofika kila mwezi.

Wakikataa, anza kulipa hivyohivyo kwa tarehe uliyotaja, hifadhi ujumbe wa kila muamala, kisha andika tena baada ya miezi miwili au mitatu ukiwaonyesha rekodi. Wengi hulegea wakiona pesa inaingia. Kwa benki, lalamiko lisiposikilizwa na benki yenyewe unaweza kulipeleka CBK.

Simu, vitisho na wakusanya madeni

Tangu kanuni za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali, mkopeshaji wa simu anatakiwa kuwa na leseni ya CBK, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya benki hiyo. Kanuni zinamkataza kutisha, kutukana, kukuanika mtandaoni, na kuwapigia watu waliomo kwenye simu yako ili kukuaibisha. Akifanya hivyo, hifadhi picha za ujumbe, nambari, tarehe na saa, kisha lalamika CBK na kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ofisi hiyo huchukua hatua: Septemba 2023 iliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya KSh 2,975,000 kwa kutumia nambari za watu wengine kushinikiza wadaiwa.

Ukipigiwa simu, sema: "Nimeandika barua tarehe fulani, naomba mnijibu kwa maandishi." Usibishane wala usiahidi tarehe mpya. Anayesema ni wakili, chukua jina lake umtafute kwenye orodha ya Chama cha Mawakili Kenya. Anayesema ni wakala, aonyeshe barua ya mkopeshaji. Pesa zote zipitie nambari rasmi ya malipo ya mkopeshaji, kamwe si nambari binafsi ya wakala, kwa sababu malipo hayo huenda yasionekane kwenye akaunti yako.

Kushindwa kulipa mkopo ni suala la madai, si la jinai, na polisi hawana kazi hapo. Kifungo cha madai kipo, lakini huja baada ya hukumu na baada ya kuitwa mahakamani ujieleze. Kwa hiyo hati ya mahakama usiipuuze hata siku moja: jibu, fika, na umwonyeshe hakimu bajeti yako uombe kulipa kwa awamu. Hundi ni jambo jingine. Kutoa hundi ukijua akaunti haina pesa ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu, basi usikubali kushinikizwa kuandika hundi usiyo na uhakika nayo.

Nyumba au shamba likiwa rehani

Hapa una muda zaidi ya unavyoambiwa, mradi uutumie. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, benki inatakiwa kukupa notisi ya angalau miezi 3 urekebishe, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza, na dalali naye anatoa notisi yake ya siku 45. Ikikosekana moja, mnada unaweza kupingwa. Kwa vyombo na magari yanayokamatwa kwa amri ya mahakama, dalali hutoa siku 7 tu baada ya kuorodhesha mali. Kama mauzo hayaepukiki, omba idhini ya benki uuze mwenyewe, kwani mnunuzi wa kawaida hulipa vizuri kuliko wa mnadani.

Mahali mpango unapokwama

Makato ya kiotomatiki ndiyo mtego mkubwa. Fuliza, mkopo wa M-Pesa unaojazia salio lisilotosha, hujilipa mara tu pesa inapoingia M-Pesa, na benki unakopitishia mshahara inaweza kukata deni lake lote kabla hujalipa kodi. Limalize deni la Fuliza mapema, kisha ujiondoe kwenye huduma hiyo, la sivyo hesabu yako itakuwa ya karatasini tu. Kwa mshahara, soma mkataba wa mkopo kwanza: kama uliahidi kuupitishia hapo, omba ruhusa kabla ya kuhama. Mwajiri naye hafai kukata zaidi ya theluthi mbili ya mshahara wako kwa jumla, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007. Hati yako ya mshahara ikionyesha zaidi, ipeleke kwa idara ya wafanyakazi.

Mtego wa pili ni kukopa ili kulipa. Futa programu za mikopo baada ya kuhifadhi taarifa zake, na umwambie mwenzi wako ukweli wote. Bajeti inayojulikana na mtu mmoja nyumbani haidumu.

Kama baada ya mahitaji ya lazima hubaki na chochote, kugawana hakutasaidia. Nenda kwa Mpokeaji Rasmi (Official Receiver), ofisa wa serikali wa masuala ya ufilisi, katika Huduma ya Usajili wa Biashara uulize njia zilizo chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, zikiwemo makubaliano ya hiari na wadai na amri ya kulipa kwa awamu. Hizi zina nguvu ya kisheria ambayo barua yako haina.

Deni likiisha

Mdai akikubali kupokea pungufu ya salio, pata kwanza barua inayosema kiasi hicho kinamaliza deni lote, halafu ndipo ulipe. Baada ya kulipa, dai barua ya kumaliza deni, na kama uliweka dhamana, hakikisha rehani imeondolewa kwenye sajili. Taarifa mbaya ya CRB hubaki miaka 5 baada ya kulipa, ila hali yake inapaswa kusomeka kuwa imelipwa. Subiri mwezi mmoja, vuta ripoti tena, na ikiwa bado inaonyesha salio, wapelekee kampuni ya CRB na mkopeshaji nakala ya barua hiyo siku hiyohiyo.