Ukikutana na Mnyama Mlimani

Wanyama wengi wakikusikia mapema hujiondokea wenyewe. Taabu huanzia kwenye kona yenye vichaka, kando ya mto unaovuma, au upepo unapokupiga usoni: hapo mnyama hakusikii wala hakunusi mpaka mmekaribiana. Sehemu kama hizo ongeeni kwa sauti na mpige makofi. Njuga ndogo za kufunga kwenye shanta ni pambo tu.

Ukimwona dubu, simama. Usikimbie; yeye hufikia kilomita 50 kwa saa, na anayekimbia humtia hamu ya kufukuza. Zungumza kwa sauti ya chini, ujiondoe kiubavu ili usijikwae. Akikujia mbio, puliza dawa ya pilipili akiwa mita 9 hivi, ukielekeza kopo chini kidogo ya kichwa, maana wingu lake hupanda. Kopo likae kiunoni, si ndani ya shanta.

Dubu wa kahawia akikuvamia kwa kujihami, lala kifudifudi, tanua miguu, funika shingo kwa viganja, shanta ibaki mgongoni. Dubu mweusi au puma (paka mkubwa wa mwituni wa Amerika) akikushambulia, pigana, ukilenga macho na pua. Mbele ya puma usiiname wala usimpe mgongo.

Kambini, pikia na uhifadhi chakula mita 60 hadi 100 kutoka hemani, pamoja na sabuni na dawa ya meno. Ukining'iniza mtini, iwe mita 4 juu na zaidi ya mita 1 kutoka kwenye shina. Hata hivyo, baadhi ya dubu wameshajua kukata kamba. Chombo kigumu chenye kifuniko cha kufunga ni bora.