Kushusha nitrati katika akwariamu ya samaki wa Tanganyika, ukiwa Bukavu

Maji ya akwariamu yanaweza kuwa maangavu kabisa, hata ukahesabu mawe ya upande wa pili, na bado yakawa na mg 80 kwa lita za nitrati, yaani kinachobaki majini baada ya bakteria kuvunja uchafu wa samaki. Macho hayaioni. Utakachoona ni matokeo yake: samaki wa jamii ya Tropheus anafifia rangi, wa jamii ya Neolamprologus anataga lakini vifaranga hawakui, mwani unajaa kwenye kioo siku mbili baada ya kusugua. Samaki hawa wanatoka katika ziwa ambalo maji yake ya juu yana nitrati kidogo mno, karibu na sifuri. Nyumbani sifuri haina haja. Shikilia chini ya mg 20 kwa lita, na ikifika 40 usingoje tena.

Mahesabu yote ya hapa ni ya kioo cha sm 100 × 50 × 40. Kwa vipimo hivyo ni lita 200, lakini ukishaweka mchanga na mawe, maji yenyewe ni kama lita 170. Ukipiga hesabu kwa 200 utajidanganya.

Hatua ya 1: Pima, na upime sawasawa

Tumia kipimo cha matone. Vile vya kuchovya karatasi vinakupa makisio tu. Kwa kawaida kipimo cha nitrati kina chupa mbili, na kosa liko kwenye ile ya pili. Ndani yake mna unga ambao hulala chini. Usipoitikisa kwa nguvu, sekunde 30 nzima huku ukiigonga kiganjani, matone yatatoka bila ule unga na kipimo kitaonyesha mg 5 wakati ukweli ni 40. Ukishatia matone, tikisa kichupa chenyewe dakika moja, ngoja muda ulioandikwa kwenye karatasi yake, kisha kisome karibu na dirisha mchana. Chini ya taa ya njano, rangi ya machungwa na nyekundu hazitofautiani.

Rangi ikishakuwa nyekundu sana, kipimo hakina tena la kusema. Vuta ml 1 ya maji ya akwariamu kwa sirinji, ongeza ml 4 za maji ya mvua, pima mchanganyiko huo, halafu zidisha jibu kwa 5.

Angalia pia kipimo chako kinahesabu nini. Vingine vinaandika nitrati nzima, vingine naitrojeni iliyo ndani yake tu. Mg 10 za naitrojeni ni mg 44 za nitrati. Watu wawili wanaweza kubishana jioni nzima, kumbe wana maji yaleyale.

Kabla ya kulaumu samaki, pima maji unayoongeza. Chemchemi iliyo chini ya mtaa wenye nyumba zilizobanana na vyoo vya shimo inaweza kuwa na nitrati nyingi kuliko akwariamu yako. Hapo kila bidoni (dumu) unayomimina inaongeza shida.

Hatua ya 2: Pima chakula kwa gramu

Kama maji unayoongeza ni safi, nitrati iliyomo karibu yote iliingia kama chakula cha samaki. Chakula chenye protini 40% kina naitrojeni kama mg 64 katika kila gramu. Samaki anabakiza kidogo mwilini, sehemu kubwa anaitoa kama amonia, bakteria wanaigeuza kuwa nitriti kisha nitrati. Mwisho wa safari, gramu 1 ya chakula inaacha takriban mg 200 za nitrati. Katika lita 170 hiyo ni zaidi kidogo ya mg 1 kwa lita, kila siku, hata ukiwa na chujio la bei gani.

Sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) iliyokaushwa na kusagwa ina protini nyingi zaidi, karibu 60%, kwa hiyo gramu moja inaleta kama mg 300. Na kwa Tropheus usiitumie kabisa. Huyu ni mla mwani, utumbo wake ni mrefu, na chakula cha nyama kinamwachia tumbo lililovimba na kinyesi cheupe chenye nyuzi. Mpe chakula cha spirulina, na majani ya lengalenga (mchicha) yaliyochovywa kidogo kwenye maji moto.

Tafuta mizani ndogo ya gramu, ile ya wauza dhahabu. Pima chakula cha juma zima, kitie kwenye kikopo, na kikiisha kimeisha. Kwa samaki 12 hadi 15 wa sm 8, gramu 1 kwa siku inatosha, ikigawanywa mara mbili. Kilichobaki majini baada ya dakika moja kilikuwa ziada.

Hatua ya 3: Tengeneza maji, nusu Kivu nusu mvua

Hapa mkaaji wa Bukavu ana bahati ambayo wafugaji wa Ulaya wanainunua kwenye vikopo vya chumvi. Ziwa Kivu linamwagikia Tanganyika kwa mto Ruzizi, na chumvi nyingi za Tanganyika zimepita njia hiyo. Maji ya juu ya Kivu yana pH (kipimo cha asidi; 7 ni katikati, chini yake ni asidi) karibu 9, magnesi nyingi, na chumvi zinazopitisha umeme kwa takriban mikrosimensi 1,200 kwa sm. Tanganyika ina kama 650. Ukichanganya maji ya Kivu na maji ya mvua kwa vipimo sawa, unapata maji yanayokaribia sana ya Tanganyika: kama mikrosimensi 600, na ukali wa kabonati, yaani chumvi zinazozuia pH isishuke, nyuzi 17 au 18.

Usichote ufukweni, na usichote kabisa karibu na mdomo wa mto Kawa, maana uchafu wa mji unateremka hapo. Nenda kwa mtumbwi mita mia kadhaa kutoka ukingoni, zamisha bidoni ya lita 20 mpaka urefu wa mkono, ndipo ufungue kifuniko. Usiingie majini kwa miguu. Kichocho kinapatikana pembeni mwa maziwa haya. Maji yakae siku 3 kwenye pipa lililofunikwa kabla hujatia mkono, kwa sababu vijidudu vya kichocho havidumu muda huo bila kupata mwili wa kuingia. Siku hizo tatu zinatosha pia kwa matope kutulia chini.

Mvua ikianza, acha dakika 15 za kwanza zioshe mabati, kisha kinga. Mwenzetu wa Goma awe mwangalifu zaidi: moshi wa volkano ya Nyiragongo unatia mvua asidi na floridi, hasa upepo ukielekea mjini. Huko apime pH ya mvua kila mara, na akiikuta chini ya 5 asiitumie.

Kuanzia Juni hadi Agosti mvua inakauka. Tumia maji ya bomba badala yake, baada ya kuyapima nitrati na kuondoa klorini. Yaache kwenye pipa wazi saa 48 huku pampu ya hewa ikipuliza, au tia tiosulfati ya sodiamu kidogo kama una haraka.

Huna mita ya kupima umeme wa maji? Kipimo cha matone cha kabonati kinatosha. Katika vipimo vingi, tone moja ni nyuzi moja. Maji matupu ya Kivu yatakula matone kama 35 kabla ya kubadili rangi, na mchanganyiko ulio sawa utakula 17 au 18. Hesabu matone.

Hatua ya 4: Badilisha maji kwa kipimo kinacholingana na chakula

Kanuni ni moja. Chukua kiasi ambacho nitrati inapanda kwa juma, ukigawe kwa sehemu ya maji unayobadilisha kila juma. Jibu ni dari ambayo nitrati yako itaigonga baada ya miezi michache.

Kwa gramu 1 ya chakula kwa siku, lita 170 zinapanda mg 8 hivi kwa juma. Ukibadilisha 30%, dari ni 27. Ukibadilisha nusu, dari ni 16. Kwa gramu 2 kwa siku, hata ukibadilisha nusu utasimama kwenye 33, na ukibadilisha robo utafika 66. Ndiyo sababu mtu anabadilisha maji kwa uaminifu kila Jumamosi na nitrati haiteremki: anatoa juma hili kiasi kilekile kilichoingia, na dari yake iko juu.

Kama tayari uko 80, usiimwage yote kwa siku moja. Samaki wamezoea maji yale mazito, na pH yako huenda imeshuka bila wewe kujua. Badilisha robo kila siku ya pili. Mara ya kwanza utafika 60, kisha 45, 34, 25, na mara ya tano 19.

Halafu kuna hatari moja inayoua akwariamu nzima kwa saa moja. Chujio likiwa limekufa, amonia inajikusanya. Kwenye pH 7, isiyozidi 1% yake ni ile yenye sumu kali. Kwenye pH 9 na joto la nyuzi 25, ni zaidi ya theluthi. Mtu anaona samaki wamelegea, anakimbilia maji ya Kivu kuwaokoa, pH inaruka, na amonia iliyokuwa imelala inageuka sumu yote mara moja. Samaki wanapanda juu wakihema, mashavu yamekuwa mekundu. Kwa hiyo pima amonia kabla ya kubadilisha maji kila mara samaki wanapoonekana wagonjwa. Ukiikuta, acha kulisha, ongeza hewa, na badilisha kidogo kidogo kwa maji yenye pH inayolingana na ile iliyomo.

Kazi yenyewe: lita 85 zilizochanganywa tangu jana, pampu ya hewa ndani yake, joto lisipishane na la akwariamu kwa zaidi ya nyuzi 2. Maji ya pipa Bukavu huamka na nyuzi 18, kwa hiyo chemsha sufuria moja au mbili uongeze. Nyonya kwa tiyo (mpira wa maji) ukilenga mchanga nyuma ya mawe, kwa sababu kinyesi kinalala pale ambapo mkondo haufiki. Kina cha mchanga kisizidi sm 3.

Maji yaliyopungua kwa kukauka, katikati ya juma, yarudishie kwa mvua tupu. Chumvi haipai pamoja na mvuke. Anayejazia kwa mchanganyiko kila siku atakuta mikrosimensi zimepanda baada ya miezi michache, na gamba jeupe kwenye hita. Gamba hilo linatoka kwa limao, hita ikiwa imezimwa, imepoa na iko nje ya maji.

Hatua ya 5: Linda bakteria umeme unapokatika

Bukavu iko mita 1,460 juu ya bahari kwenye usawa wa ziwa, na mitaa mingi iko juu zaidi. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa hapa yanabeba oksijeni kama mg 7 kwa lita, wakati pwani yangebeba 8.2. Samaki wanapumua humo, na bakteria wa chujio wanakula humo pia. Nafasi ya kukosea ni ndogo.

Chujio la kopo lililofungwa ni zuri pale umeme haukatiki. Likisimama saa chache, bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo, wanaanza kufa, na maji ya ndani yanaoza. Umeme ukirudi, uozo ule unasukumwa wote kwa samaki. Kama umeme ulikosekana zaidi ya saa 3, lifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya akwariamu, ndipo uwashe. Usisuuze chini ya bomba lenye klorini.

Lililo bora zaidi kwetu ni sponji mbili kubwa zinazoendeshwa na pampu ya hewa ya wati 5. Betri ya volti 12, Ah 7, ukiitumia nusu tu ili isiharibike, inaendesha pampu hiyo saa 8. Sola ndogo inaijaza mchana. Usiku wa baridi zungushia kioo vibao vya frigolite (povu jeupe gumu la kufungashia vitu) pande tatu, halafu blanketi juu ukiacha upenyo wa hewa.

Ukitaka makazi zaidi ya bakteria, mawe ya volkano kutoka Goma yana vitundu vingi. Yavunje yawe kama punje za njugu kubwa, yaoshe mpaka maji yatoke meupe, jaza kilo 2. Lakini kazi yake ni kumaliza amonia na nitriti. Nitrati haiondoi, ijapokuwa wauzaji wanaahidi.

Hatua ya 6: Mmea wa kusaidia

Pothos, ule mmea wa kutambaa unaopambwa sebuleni, unakula nitrati vizuri kuliko mimea mingi ya majini, kwa sababu majani yake yanapata kaboni hewani. Kata vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, osha utomvu wote, acha mizizi iote kwenye glasi ya maji wiki mbili, kisha uitundike mizizi ndani na majani nje. Vipande 6 ni mwanzo mzuri. Majani yanayonjano yatoe mara moja, kwani yakioza majini yanarudisha kilekile yalichokula.

Maji unayotoa yamwagie lengalenga bustanini. Samaki, konokono na mimea ya akwariamu visitupwe Kivu wala kwenye mfereji unaokwenda huko. Sambaza yenyewe ililetwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na haikutoka tena.