Somo: Mikumi, Ruaha na mvinyo wa Dodoma katika safari moja ya gari, kwa gharama nafuu

Kila likizo ya Agosti inapokaribia ninaulizwa jambo lile lile: je, mtu anaweza kuzuru hifadhi za kusini na kupitia viwanda vya mvinyo vya Dodoma bila kutumia fedha nyingi? Inawezekana, na nimeamua kuandika jibu kamili hapa ili nisilirudie tena kipande kipande.

Jambo kubwa kuliko yote ni mpangilio. Ukitokea Dar es Salaam, hifadhi zitangulie na mvinyo uwe wa mwisho. Wengi huanzia Dodoma, wakazungusha chupa ndani ya gari hadi Iringa, Ruaha na Mikumi, na wakifika Dar es Salaam wanafungua kinywaji kilichoharibika kwa joto kisha wanawalaumu wakulima wa Dodoma ambao hawana kosa lolote.

Hatua ya 1: Msimu. Nenda Agosti au Septemba. Ruaha inakuwa katika kiangazi, wanyama wamesogea kwenye Mto Ruaha Mkuu, na Dodoma inavuna zabibu. Mavuno mengine huwa Februari na Machi, lakini huo ni wakati wa mvua na njia za ndani ya Ruaha husumbua.

Hatua ya 2: Malipo. Beba kitambulisho cha taifa, na uwe na fedha kwenye simu au kadi, kwa sababu malango ya hifadhi hayapokei fedha taslimu.

Hatua ya 3: Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Zambia hukatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50. Fuata mwendo ulioandikwa kwenye vibao, kwani anayemgonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama huyo.

Hatua ya 4: Iringa na Ruaha. Panda mlima wa Kitonga mchana, jaza mafuta Iringa mjini, na ulale kijiji cha Tungamalenga, karibu na Ruaha, ambako malazi ni nafuu kuliko ndani ya hifadhi.

Hatua ya 5: Iringa hadi Dodoma. Njia ni ya lami, yapata kilomita 260, ikipitia Migori, bwawa la Mtera na mteremko wa Fufu. Uzuri wake ni kwamba unaanza kuiona mizabibu kabla ya kuingia mjini, maeneo ya Mpunguzi na Bihawana. Wamisionari ndio walioleta zabibu Dodoma, na Bihawana ni misheni ya Kikatoliki yenye historia ndefu ya kutengeneza mvinyo.

Hatua ya 6: Kuonja. Viwanda vingi vya Dodoma ni sehemu za kazi ambazo hazikujengwa kwa ajili ya wageni. Piga simu siku mbili tatu kabla, uulize mambo matatu: kama wanauza rejareja, kama kuna mtu wa kuwatembeza, na kama kuonja kunalipiwa. Kiwanda cha CETAWICO kiko Hombolo, kaskazini mashariki mwa mji. Alko Vintages nao ni wa Dodoma. Na wapo wasindikaji wadogo ambao mara nyingi huuza mlangoni kwa bei ya chini kuliko ya dukani. Anza kuonja mvinyo mweupe mkavu, kisha mwekundu mkavu, na umalizie na mtamu, maana ukianza na mtamu ulimi hautakuambia kitu tena. Dereva asionje kabisa. Usinunue mchuzi wa zabibu (zabibu zilizokamuliwa ambazo bado hazijawa mvinyo kamili) kwenye dumu hata kama bei inavutia. Huo ni mali ghafi ya viwanda vikubwa, nawe unahitaji chupa iliyofungwa na yenye nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania).

Hatua ya 7: Kusafirisha chupa. Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, kwa hiyo naomba muisome taratibu. Gari lililofungwa na kuachwa juani linaweza kupita nyuzi 50 ndani ya muda mfupi. Mvinyo ukipata joto hutanuka na kukisukuma kizibo. Ukipoa hunywea na kuvuta hewa ndani, na hewa hiyo ndiyo inayoanza kuugeuza uwe mchachu. Hata kizibo kisiposogea, joto pekee huondoa harufu ya tunda na kuacha ladha kama ya kitu kilichopikwa, wala kuuweka kwenye friji baadaye hakurudishi kilichopotea. Kwa hiyo nunua jioni ya mwisho, si asubuhi ya kuzunguka. Usiku chupa zilale chumbani pamoja nawe, zisibaki kwenye buti. Zipange katika kasha la kutunzia vinywaji baridi, uzizungushie taulo lenye unyevu, na uliweke kasha nyuma ya kiti cha mbele ambako upepo wa kiyoyozi unafika. Mkisimama Gairo au Morogoro kula, egesha kivulini au mpokezane kubaki na gari likiwa wazi. Usiweke chupa kwenye kioo cha nyuma. Usiweke juu ya gari, hata chini ya turubai.

Hatua ya 8: Kurudi. Ondoka Dodoma kwenda Dar es Salaam alfajiri.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzururaji: Habari ndefu. Chupa ni bei gani?

Mwandishi: Bei hubadilika kila msimu na kila kiwanda, na ndiyo sababu hatua ya 6 inasema upige simu.

Mzururaji: Mimi naanzia Dodoma, nina kikao huko. Haiwezekani?

Mwandishi: Inawezekana. Onja ukiwa huko, na usibebe chupa. Sababu iko hatua ya 7.

Mama wa Kihesa: Asante kwa somo zuri. Nimesikia kwamba nchi za baridi huvuna mara moja tu kwa mwaka. Kwa nini Dodoma ivune mara mbili?

Mwandishi: Umeuliza jambo ninalolipenda sana, dada. Katika nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani na kulala majira yote ya baridi, hivyo mwaka unamalizika kwa zao moja. Dodoma haina baridi ya kuulaza, na kinachouamsha mzabibu ni mkasi wa mkulima. Akipogoa, matawi huchipua upya, hutoa maua, na baada ya miezi minne hadi mitano zabibu zimeiva. Ukame nao unasaidia, kwa kuwa mvua ni chache na magonjwa ya ukungu hupungua wakati wa kiangazi. Ukifika Mpunguzi mwombe mkulima akuonyeshe mti uliopogolewa karibuni na mwingine wenye zabibu zilizoiva, yote miwili katika eneo moja. Wengi hufurahi kueleza.

Fundi Mstaafu: Mimi sinywi pombe. Je, Dodoma nitapata chochote?

Mwandishi: Utapata juisi ya zabibu na zabibu zenyewe, na wewe ndiye dereva ambaye kila kundi linamhitaji.

Mama wa Kihesa: Zabibu mbichi zitafika Dar zikiwa nzima?

Mwandishi: Zitafika, ukinunua vishada vilivyokatwa asubuhi hiyo na vyenye vikonyo vya kijani. Usizioshe kabla ya safari, kwa sababu maji huozesha. Zitandaze kwenye boksi la karatasi lenye matundu, tabaka moja tu, na uzioshe siku ya kula. Walio na mpango wa kupitia Mikumi kwa mara ya pili wazifunike vizuri na kupandisha vioo, maana nyani wakiliona boksi la matunda hawaliachi.