Kuifufua Video Toaster kwenye Amiga 2000
Video Toaster ni kadi ya kuchanganya picha za video, inayochomekwa ndani ya kompyuta ya zamani ya Amiga 2000. Usiwashe kwanza. Fungua kompyuta uitazame betri ya saa kwenye ubao mama: ukiona ukungu wa kijani miguuni mwake, majimaji yameshaanza kula shaba. Ing'oe hata ikionekana nzima. Mimi siachi hata moja. Sugua ubao mahali ilipokuwa kwa siki kidogo, malizia na spiriti, acha ukauke kabisa.

Kadi hii ya NewTek ya mwaka 1990 inaelewa NTSC tu (mfumo wa televisheni wa analogi wa Marekani), kwa hiyo kamera ya HDMI ipitie kigeuzi cha kompositi ya NTSC, yaani picha ya analogi kwa waya mmoja. Kisha kila chanzo, VHS hasa, kipitie kifaa cha TBC (kisawazisha muda wa picha) ili mapigo ya picha yalingane. Bila hivyo picha huruka unapobadilisha kamera. Matokeo yanase kwa kinasa video cha USB. Zile rangi zake, hakuna programu ya leo inayonipa!