Somo: Kufunga soketi za mtandao ukutani

Chuna ganda la nje la kebo ya mtandao kwa urefu wa kidole, uangalie kilichomo. Utaona nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili kuwa jozi nne, na ukitazama kwa karibu utagundua misokoto hailingani: jozi moja imebana, nyingine imelegea kidogo. Imewekwa hivyo makusudi. Kelele ya umeme inayotoka nje huzigusa nyaya mbili za jozi kwa kiasi kilekile, na kifaa kinachopokea husoma tofauti kati ya nyaya hizo tu, kwa hiyo kelele inajifuta yenyewe. Ile misokoto isiyolingana nayo inazuia jozi moja isiiingilie jirani yake. Alexander Graham Bell alipata hataza ya kusokota jozi mwaka 1881, kwa ajili ya simu, na bado tunaishi kwa mbinu hiyo.

Nalisema hili mwanzo kwa sababu somo zima linazunguka hapo. Paipu na drili utavimudu. Kinachoharibu mtandao wa nyumbani mara nyingi ni sentimita mbili za mwisho, pale mtu anapoufumua msokoto kupita kiasi au anapozitenganisha nyaya za jozi moja.

Hatua ya 1: Chora kwanza

Soketi za mtandao hazirukiani kama za umeme. Kila soketi ina kebo yake, inayorudi bila kukatwa hadi sehemu moja ya kati: pale penye ruta na swichi (kifaa kinachogawa mtandao kwa vifaa vingi, si ile ya taa). Chagua sehemu yenye umeme, inayopata hewa na unayoweza kuifikia bila ngazi. Kisha weka alama kwenye mchoro wa nyumba kila unapotaka soketi. Ushauri wangu ni kebo mbili kila mahali, hata kama leo unahitaji moja. Kazi ngumu ni kupitisha, na kebo ya pili inapita pamoja na ya kwanza.

Urefu usikutie hofu. Kikomo ni mita 100: mita 90 za ukutani na mita 10 za kebo fupi za kuunganishia pande zote mbili. Nyumba ya kawaida haifiki huko.

Hatua ya 2: Kebo

Kebo hizi hupangwa kwa daraja, na namba yake huandikwa kwenye ganda. Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100 bila shida. Cat6 inafanya hivyo pia, na kwa umbali wa hadi mita 55 hivi inaweza kubeba gigabiti 10. Cat6A inabeba gigabiti 10 mita zote 100, lakini ni nene na ngumu kukunja ndani ya boksi dogo. Kwa nyumba, mimi nafunga Cat6.

La muhimu kuliko namba ni shaba. Zipo kebo za alumini iliyopakwa shaba juu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwangua ncha ya waya mmoja kwa kisu: ikitokea rangi nyeupe ya fedha, ni alumini, irudishe. Ukinzani wake ni mkubwa, hukatika kirahisi ukiukunja waya, na hupata joto unapopitisha ndani yake umeme wa kuendeshea kamera. Ya ukutani iwe na waya mmoja mzima ndani ya kila ganda dogo. Zile laini zenye nyuzi nyingi ni za mezani.

Hatua ya 3: Kupitisha

Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kutoboa ukuta wowote. Kebo ya mtandao isipite paipu moja na umeme, wala isiingie boksi moja nao. Zikienda sambamba, mimi huacha angalau sentimita 20 kati yake; zikilazimika kukatana, zikatane kwa pembe mraba.

Usivute kwa nguvu. Kikomo ni kama uzito wa kilo 11, na ukihisi kebo imekwama, rudi ulainishe njia badala ya kuikazania. Kona ziwe za mviringo: nusu kipenyo cha kona isipungue mara nne ya unene wa kebo, yaani kama milimita 25 kwa Cat6. Paipu usiijaze zaidi ya asilimia 40, na acha uzi ndani yake kwa ajili ya siku nyingine. Unapofunga kebo pamoja, mkanda uwe umelegea kiasi cha kuweza kuuzungusha kwa kidole.

Andika namba kwenye ncha zote mbili kabla hujakata. Acha sentimita 30 kwenye boksi la soketi na mita 2 upande wa swichi.

Hatua ya 4: Kufunga soketi

Hapa usiharakishe.

Chuna ganda la nje sentimita 3 au 4. Lizungushie kisu kidogo tu, kisha likunje mpaka lipasuke lenyewe. Kisu kikizama kitajeruhi nyaya. Ukiona ganda la waya limechanika, kata uanze upya. Ndiyo maana uliacha sentimita 30.

Mpangilio wa rangi unaotumika sana ni T568B, kuanzia 1 hadi 8: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ila kwenye moduli ya soketi (kile kipande cha ndani nyaya zinapofungwa) usiufuate kwa kichwa. Ubavuni mwake kuna picha ya rangi yenye mstari wa A (T568A) na mstari wa B (T568B), na mpangilio wa nafasi hutofautiana kwa kila mtengenezaji kwa sababu moduli yenyewe inazipeleka nyaya mahali pake kwa ndani. Fuata picha, mstari wa B, pande zote mbili.

Sasa chukua jozi ya machungwa. Usiifumue. Ipeleke ikiwa imesokotwa hadi kwenye jino la plastiki lililo kati ya nafasi zake mbili, na uliache jino lenyewe lizitenganishe nyaya. Hivyo utakuwa umefumua milimita chache tu, usizidi 13. Ganda la nje liguse ukingo wa moduli. Bonyeza kila waya kwa panchi (kifaa cha kusukumia waya kwenye meno ya moduli), upande wenye makali ukitazama nje, mpaka usikie mlio wa "tak" na kipande kilichozidi kikatike. Usitumie bisibisi, maana hupanua meno ya chuma na waya unabaki umeshikiliwa nusunusu.

Upande wa paneli (ubao wa soketi karibu na swichi, kebo zote zinapoishia), fanya vivyo hivyo.

Hatua ya 5: Kupima

Testa ya taa (kifaa kinachowasha taa moja kwa kila waya, 1 hadi 8) itakuonyesha waya uliokatika, uliogusana na mwingine au uliovuka. Jozi iliyotenganishwa haitaiona.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo testa iliwaka 1 hadi 8 pande zote mbili, lakini video ilikwama kila baada ya dakika chache. Ncha zilikuwa plagi za RJ45 (zile za kuchomeka kwenye kompyuta au swichi), na aliyezifunga alizipanga kwa unadhifu kabisa: machungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, buluu na mwenzake, kahawia na mwenzake. Namba 3 ilifika 3, namba 6 ikafika 6. Tatizo ni kwamba 3 na 6 zinatakiwa ziwe jozi moja, na pale 3 ilikuwa waya wa jozi ya kijani na 6 waya wa jozi ya buluu. Msokoto ulikuwepo, ila haukuwa ukilinda kitu. Tulikata ncha zote mbili, tukafunga upya, na video haikukwama tena.

Kwa hiyo baada ya testa, unganisha kompyuta na usome kasi ya kiungo, kisha nakili faili kubwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine uone kama inakwenda bila kusitasita.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nyumba niliyohamia ina soketi za mpangilio wa A. Nibadilishe zote?*

Marahaba. Acha kama zilivyo, na za kuongeza zifunge A. Tofauti ni kwamba kijani na machungwa hubadilishana nafasi. Kasi ni ileile. Usichanganye A upande mmoja na B upande wa pili. Vifaa vya siku hizi vingi hujirekebisha vyenyewe, lakini atakayekuja baada yako atahangaika.

*Nina kebo moja tu chumbani na vifaa viwili. Nikigawa jozi mbilimbili je?*

Itafanya kazi kwa megabiti 100 kila upande, basi. Gigabiti 1 inahitaji jozi zote nne. Weka swichi ndogo chumbani na uiache kebo nzima.

*Kwa nini nisifunge plagi moja kwa moja kwenye kebo ya ukutani, niachane na soketi?*

Waya mzima haupendi kutikiswa. Mezani, ambapo mtu anachomoa na kuchomeka, utakatika ndani ya ganda bila wewe kuona. Kwa kamera iliyo darini isiyoguswa, sawa, lakini nunua plagi zilizotengenezwa kwa waya mzima.

*Kamera zangu ni za PoE (zinapata umeme kupitia kebo ya mtandao). Kuna la ziada ukutani?*

Kebo ni hiyohiyo, ila iwe shaba tupu. Angalia swichi: kiwango cha 802.3af hutoa wati 15.4 kwa kila tundu, 802.3at wati 30. Jumlisha kamera zote, kisha linganisha na jumla ambayo swichi inaweza kutoa kwa pamoja.

*Nataka kupeleka mtandao kwenye banda la uani, mita 40. Kebo ya nje inatosha?*

Ndugu yangu, hapo tumia faiba (kebo inayopitisha mwanga badala ya umeme). Radi ikipiga karibu, shaba kati ya majengo mawili huleta mshtuko hadi kwenye swichi na kila kilichochomekwa humo. Faiba ya kioo haipitishi umeme. Hakikisha tu umechagua isiyo na waya wa chuma wa kuimarishia ndani yake.

*Mwalimu, nimefunga soketi sita. Tano zinasoma megabiti 1000 (gigabiti 1), moja inasoma 100. Testa ya hapa ni ya kuazima na nimeshairudisha.*

Megabiti 100 hutumia jozi ya machungwa na ya kijani tu, kwa hiyo hizo ni nzima. Fungua soketi hiyo uitazame buluu na kahawia, halafu upande wa paneli.

*Nimefungua. Nyeupe-kahawia ilikuwa imekaa juu ya meno, haijazama. Nimebonyeza tena, sasa 1000.*

Vizuri. Kabla hujarudisha kifuniko, ivute taratibu kwa kucha. Ikitoka, kata ncha uifunge upya.