Namna ya Kuchagua Vihisi na Chipu za Gari Linalojiendesha

Anayetaka kulifunga gari vifaa vya kujiendesha hukimbilia orodha za bidhaa, akahesabu kamera, rada na leza kana kwamba wingi wake ndio usalama. Ni afadhali aanze na breki. Gari linalokwenda kilomita 108 kwa saa hukata mita 30 kila sekunde. Likifunga breki na kasi yake ikawa inapungua kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde inayopita, litasimama baada ya mita 90. Ukiongeza nusu sekunde ambayo kompyuta inahitaji ili ione, iamue na iamuru, yaani mita 15 nyingine, unapata mita 105. Kila kifaa kinachoelekea mbele kipimwe kwa umbali huo, kwa kuwa mtu aliyesimama barabarani ni lazima atambuliwe kabla gari halijamkaribia zaidi ya hapo. Lami iliyolowa huurefusha umbali huo, basi piga hesabu kwa hali mbaya kabisa ambayo utaliruhusu gari litembee.

Tuijaribu hesabu hiyo kwenye kamera. Kamera ya pikseli milioni 8 huwa na pikseli 3,840 kwa upana. Ukiipa lenzi inayoona digrii 120, kila digrii hupata pikseli 32. Mtu mwenye upana wa nusu mita, akiwa umbali wa mita 105, huchukua zaidi kidogo ya robo ya digrii, kwa hiyo kwenye picha anakuwa na upana wa pikseli 9 tu: doa ambalo programu ya utambuzi italiona mara hii na kulikosa mara nyingine. Kamera ileile ikipewa lenzi ya digrii 30, mtu huyo anapata pikseli 35. Kwa sababu hiyo mbele ya gari hufungwa kamera zaidi ya moja, moja ikiona mbali na nyingine ikiona pana. Hakikisha pia kwamba kamera inamudu mwanga na kivuli kikali kwa pamoja, kwa tofauti ya angalau desibeli 120 kati ya sehemu angavu na sehemu yenye giza, la sivyo itapofuka gari linapotoka kwenye handaki. Tena ijaribu mbele ya taa za barabarani za LED: taa hizo huwaka na kuzimika haraka mno kwa jicho la mtu, lakini kamera inayofungua lenzi yake kwa muda mfupi yaweza kuipiga picha taa nyekundu wakati imezimika.

Rada za magari hutumia masafa ya gigahezi 76 hadi 81, nazo hupima kasi ya kitu moja kwa moja, hata katika mvua, ukungu na vumbi. Udhaifu wake ni kutenganisha vitu vilivyo ubavu kwa ubavu au kimoja juu ya kingine, hivyo gari lililoharibika chini ya daraja laweza kuchanganyika na daraja lenyewe. Ukiificha rada nyuma ya bampa, ipime upya baada ya kupaka rangi, kwa maana rangi yenye chembe za metali hupunguza nguvu ya mawimbi.

Lida hutuma miale ya leza na kupima muda inaochukua kurudi. Ikiwa mistari yake imepishana kwa digrii 0.1 kwa upana na 0.2 kwa wima, mtu wetu wa mita 105 atapata nukta 12 hivi, ambazo ni chache lakini kila moja ina umbali wake halisi. Leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 905 hutumia vipokezi vya silikoni, ambavyo ni nafuu, lakini nguvu yake hubanwa na usalama wa macho. Ile ya nanomita 1,550 huruhusiwa nguvu kubwa zaidi, ila vipokezi vyake ni ghali.

Je, lida ni ya lazima? Mwaka 2021 Tesla iliacha kufunga hata rada katika Model 3 na Model Y za soko la Amerika ya Kaskazini, ikategemea kamera. Waymo, kampuni ya teksi zisizo na dereva, katika kizazi cha 6 cha vifaa vyake kilichotangazwa mwaka 2024, ilipunguza kamera kutoka 29 hadi 13, lakini ina lida 4 na rada 6. Kwa maoni yangu, dereva akiwa bado anawajibika, kamera na rada zatosha. Kiti cha dereva kikiwa kitupu, usiiache lida.

Vihisi hivyo vyote vifuate saa moja, kwa itifaki ya kulinganisha saa za vifaa iitwayo IEEE 1588 au inayofanana nayo. Kamera ikichelewa milisekunde 50 nyuma ya lida, kwa mwendo ule wa mita 30 kwa sekunde picha na nukta zitapishana mita 1.5.

Sasa ndipo uitafute chipu. Kamera moja ya pikseli milioni 8, kwa picha 30 kila sekunde na biti 12 kwa kila pikseli, hutoa gigabiti 2.88 kwa sekunde. Kamera 8 hutoa gigabiti 23, kwa hiyo kagua njia za kuingiza data kabla ya kusifu kasi ya kukokotoa. NVIDIA huitangazia Orin, chipu yake ya magari, operesheni trilioni 254 kwa sekunde, lakini namba za namna hiyo ni kilele cha hesabu za biti 8, na kumbukumbu ikiwa na njia nyembamba, chipu hukaa ikisubiri. Endesha programu yako mwenyewe juu yake na upime picha iliyochelewa kuliko zote, si wastani. Fanya hivyo chipu ikiwa imepata moto, kwani chipu iliyozidiwa na joto hujipunguzia kasi, na ile nusu sekunde ya mwanzo hurefuka. Kwa magari, chagua zilizopimwa kwa AEC-Q100, kiwango cha uimara wa chipu za magari, kuanzia digrii -40 hadi 105 au 125 za Selsiasi.

Amri za breki na usukani zipitie chipu ndogo yenye viini viwili vinavyotekeleza amri zilezile na kulinganishwa kila hatua, iliyokidhi daraja la D, lililo kali kuliko yote, la kiwango cha usalama wa vifaa vya umeme vya magari cha ISO 26262, na yenye chanzo chake cha umeme. Kisha, gari likiwa kwenye uwanja uliofungwa, chomoa waya wa kila kihisi kwa zamu huku likitembea polepole, halafu izime kompyuta kuu. Kila mara gari lipunguze mwendo na kusimama lenyewe. Lisipofanya hivyo, lisiingie barabarani.