Kulinganisha Risasi Unazojaza Mwenyewe na Koo la Mtutu wa CZ

Ukiwa na bastola ya CZ, kampuni ya silaha ya Czech, na umeanza kujaza risasi mwenyewe, mapema sana utakutana na jambo hili: risasi zinazoingia vizuri kwenye bastola ya mwenzako zinagoma kwenye yako. Slaidi inabaki wazi kidogo, haifungi hadi mwisho, na ukiivuta nyuma inakaza. Wengi wakifika hapo huuliza ni wapi wanunue kifaa cha kupanulia koo la mtutu. Mimi nafanya kazi ya kuchonga vyuma katika karakana huku Ohio, na wikendi nyingi niko kwenye mashindano ya kulenga shabaha, na jibu langu kwa kila anayeniuliza ni moja: pima kwanza. Mara nyingi ukishapima hutakata chochote. Na ukiona lazima ukate, utakuwa na kipimo cha kumpa fundi badala ya lalamiko.

Kabla ya yote, neno la sheria. Hapa Marekani mtu mwenye haki ya kumiliki silaha anaruhusiwa kujaza risasi za matumizi yake. Kenya na Tanzania si hivyo: kutengeneza risasi ni kazi yenye leseni, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kule Kenya, na sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 kule Tanzania. Anayesoma akiwa huko asome kwa kuelewa, asijaribu.

Sasa koo lenyewe. Chumba cha risasi cha milimita 9 kina ukingo mdogo mbele ambapo mdomo wa ganda unaegemea. Ukingo huo ndio unaozuia risasi isizame zaidi. Mbele yake kuna sehemu fupi laini, halafu kuna mteremko ambapo mifereji ya mtutu, ile inayokizungusha kichwa cha risasi kikitoka, inaanza kupanda. Sehemu hiyo laini pamoja na mteremko ndiyo koo. Mitutu ya CZ, kuanzia CZ 75 iliyobuniwa na ndugu wawili František na Josef Koucký hadi Shadow 2 ya leo, inajulikana kwa koo fupi: mifereji inaanza mapema. Mitutu ya Glock, kwa mfano, ina nafasi kubwa zaidi, ndiyo maana risasi ya mwenye Glock haikuhakikishii kitu.

Hapo ndipo umbo la kichwa cha risasi linapoingia. Kiwango cha Marekani kinaruhusu risasi nzima ya milimita 9 iwe na urefu usiozidi milimita 29.69, yaani inchi 1.169. Lakini urefu huo unapimwa kwenye ncha, na kinachogusa mifereji si ncha, ni bega la kichwa. Kichwa chenye ncha ya mviringo mwembamba kinaweza kukaa mbali na kisiguse. Kichwa bapa chenye mabega mapana kitagusa kikiwa bado kifupi sana. Kwa hiyo usiulize, "CZ inataka urefu gani?" Uliza: kichwa hiki, kwenye mtutu huu, kinataka urefu gani? Kila unapobadilisha aina ya kichwa, unapima upya.

Kupima ni hivi. Hakikisha bastola haina risasi, toa magazini, angalia chumba kwa macho na kwa kidole. Kwenye CZ vuta slaidi nyuma hadi alama mbili ndogo, moja ya slaidi na moja ya fremu, zikutane, kisha sukuma pini ya kizuizi cha slaidi itoke upande wa pili. Slaidi inateleza mbele, unatoa mtutu. Usafishe vizuri hadi kooni, kwa sababu masizi yakiganda pale yatakudanganya kipimo.

Tengeneza risasi bubu: ganda lililopitishwa kwenye dai ya kurudisha umbo (dai ni kifaa cha chuma kinachofungwa kwenye presi ya kujazia risasi), bila fataki ya kuwashia baruti, bila baruti yenyewe, na kichwa unachotaka kutumia. Kiache kirefu kuliko unavyodhani kinahitajika. Ubane mdomo wa ganda kama utakavyobana risasi za kweli, kwa sababu mdomo ulioachwa umechanua nao utakwama, na utaulaumu mtutu bure. Mimi napenda mdomo upime kati ya milimita 9.60 na 9.65 baada ya kubanwa. Usibane zaidi ya hapo. Risasi hii inasimama kwa mdomo wake kwenye ule ukingo, na ukiukunja ndani inakosa pa kuegemea.

Shika mtutu mdomo ukitazama chini, dondosha risasi bubu ndani. Inayofaa inaanguka kwa uzito wake na kugonga chuma kwa mlio mkavu. Izungushe kwa kidole: izunguke bila kushikwa. Geuza mtutu: itoke yenyewe bila kuvutwa. Hayo mambo matatu yote yatimie. Ikianguka vizuri lakini haizunguki, bado inagusa.

Isipopita, usikimbilie kufupisha. Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua kalamu ya wino mzito, paka kichwa chote na sehemu ya juu ya ganda, acha ikauke, dondosha tena, zungusha, kisha toa utazame. Wino ukiondoka kwa mistari kwenye bega la kichwa, hiyo ni mifereji inagusa, na dawa yake ni kukizamisha kichwa kidogo. Wino ukiondoka kwenye ukingo wa mdomo wa ganda, hujabana vya kutosha. Ongeza kidogo kwenye dai ya kubania. Wino ukiondoka katikati ya ganda, pale kitako cha kichwa kilipofika ndani, ganda limevimba: kichwa ni kirefu, kimezama hadi sehemu ambayo ukuta wa ganda ni mnene. Na ukikwaruzika karibu na kitako cha ganda, dai ya kurudisha umbo haikushuka hadi chini. Magonjwa manne, na ni moja tu linalohusu koo. Mpwa wangu alikuja kwangu akiwa tayari ameshachagua kifaa cha kukatia mtutu wake. Tulipaka wino risasi zake, na zote zilikuwa zimekwaruzika mdomoni. Tulirekebisha dai yake ya kubania, zikapita.

Ikiwa kweli ni mifereji, zamisha kichwa kwa milimita 0.1, dondosha tena, zamisha tena, hadi ile risasi ianguke, izunguke na itoke. Andika urefu huo. Kisha punguza milimita 0.4 nyingine, ndio uwe urefu wako wa kazi. Kwa nini usibaki mpakani? Kwa sababu kipini cha presi kinasukuma ncha ya kichwa, ilhali kinachogusa mifereji ni bega, na vichwa haviko sawa kabisa hata vikitoka kwenye boksi moja. Tofauti hizo ndogo hazionekani hadi risasi ikwame katikati ya mashindano. Kwa mfano, kichwa kimoja cha kupakwa rangi ninachokitumia kiligusa kwenye milimita 28.45, kikapita kwenye 28.10, nami najaza kwa 27.70. Usichukue namba hizo. Ni za kichwa changu kwenye mtutu wangu.

Geji ya kupimia risasi, ile ya chuma yenye tundu, ni nzuri kwa kukagua ganda lililovimba. Lakini geji haijui koo lako. Nimeona risasi zikipita geji zote na kukataa mtutu. Mtutu ndio wenye neno la mwisho.

Sasa hatari, na hili nalisema kwa uzito wote. Ganda la milimita 9 lina nafasi ndogo sana ndani. Ukizamisha kichwa hata kwa sehemu ya milimita, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda, na kiwango cha juu cha risasi hii ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba. Kwa hiyo ukifupisha risasi, kipimo chako cha zamani cha baruti kimekufa. Fungua kitabu cha kampuni ya baruti au ya vichwa, tazama walijaribu kwa urefu gani, anza kwenye kipimo cha chini kabisa kilichochapishwa, panda taratibu huku ukipima kasi kwa kronografu, kifaa cha kupimia kasi ya risasi. Ikiwa urefu wako ni mfupi kuliko wowote uliochapishwa kwa kichwa hicho, usikisie. Tafuta kichwa chenye umbo jingine. Kichwa ni rahisi kuliko jicho.

Jaribu pia kama kichwa kimeshikwa. Pima risasi bubu, iingize kwa kuachia slaidi kutoka kwenye magazini, itoe, pima tena. Rudia mara chache. Ikiwa inafupika, ganda halikishiki kichwa, na risasi ya kweli ingekuwa inajisukuma ndani yenyewe na kupandisha shinikizo bila wewe kujua. Upande wa pili, risasi iliyojikita kwenye mifereji ukiivuta inaweza kuacha kichwa kwenye mtutu na kumwaga baruti ndani ya bastola. Likitokea hilo, mashindano yako yameisha siku hiyo. Bastola inafunguliwa na kusafishwa yote kabla ya risasi nyingine.

Basi ni lini inafaa kupanua koo? Naona sababu moja ya kweli. Watu wa mashindano hupenda kichwa kizito cha greini 147 (greini ni kipimo kidogo cha uzito) chenye uso bapa, kwa sababu mshindo wake ni mpole. Katika USPSA, shirika la mashindano ya kulenga shabaha hapa Marekani, uzito wa kichwa kwa greini mara kasi kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000, lazima ufike 125 kwa daraja la chini. Greini 147 kwa futi 890 inakupa 130, yaani unapita kwa raha na kasi ndogo. Lakini kichwa hicho ni kirefu na kina mabega, na kwenye koo la CZ kinalazimika kuzama sana hadi ganda livimbe. Kama una akiba kubwa ya vichwa hivyo na hutaki vingine, mtutu unaweza kupelekwa kwa fundi wa silaha. Sababu ya "rafiki zangu wote wamefanya" siikubali. Chuma kilichotolewa kooni hakirudi, na mtutu mpya una bei.

Kwa sheria ya shirikisho silaha ni fremu yenye namba; mtutu ni kipuri, na kwa kawaida unatumwa kama kifurushi. Majimbo yana sheria zao, angalia ya kwako, na soma masharti ya udhamini wa bastola yako. Safisha mtutu, uweke pamoja na risasi bubu tatu za urefu unaoutaka, zikiwa zimebanwa mdomo kama za kweli. Toboa ganda tundu ubavuni ili yeyote afunguaye aone hamna baruti. Andika karatasi: aina ya kichwa, uzito, kipenyo, urefu unaoutaka. Kipenyo usikisahau, kwa sababu vichwa vya kupakwa rangi vingi ni inchi 0.356 na vya shaba ni 0.355, na fundi anahitaji kujua anamtengenezea nani njia.

Kwa nini fundi, na si wewe, hata kama una mikono mizuri? Kifaa cha kazi hii kinapaswa kukata koo tu bila kugusa ule ukingo wa ganda. Ukingo ukiliwa, risasi inazama kupita inavyotakiwa, na mtutu umeharibika. Kinaongozwa na kipini kinacholingana na tundu la mtutu ili kisiende upande, kinazungushwa kwa mkono na mafuta, upande mmoja tu, na baada ya kila kukata kidogo mtutu unasafishwa na risasi bubu inadondoshwa. Mimi nachonga vyuma kila siku, na wangu niliupeleka kwa anayefanya kazi hiyo kila wiki. Anasikia kwa vidole pale kifaa kinapoanza kushika na pale kinapotetemeka.

Mtutu ukirudi, rudia kila kitu tangu mwanzo: dondosha, zungusha, geuza. Tazama koo kwa tochi; mteremko uwe sawa pande zote, bila ngazi wala mikwaruzo ya kuzunguka. Kisha rudi kwenye kronografu. Risasi ndefu ina nafasi zaidi ya baruti, kwa hiyo kasi inaweza kushuka, na ukiwa na kipimo kilichokuwa kinagusa 126 unaweza kujikuta chini ya 125 siku ya mashindano. Pandisha baruti kwa kufuata kitabu, kwa hatua ndogo.

Baada ya hapo bandika lebo kwenye kila boksi: aina ya kichwa, urefu, baruti, tarehe, na jina la bastola. Risasi zilizopimwa kwa koo lililopanuliwa hazitaingia kwenye CZ ya mwingine yenye koo la kiwandani, na siku moja mtu atakuomba risasi kumi uwanjani. Bila lebo hiyo, usimpe.